UZI: Waliosoma "Watu Maskini" ya Dostoevsky, mnamlaumu Varenka kwa lipi hasa?

Kalamu ya Risasi (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kuna riwaya ya kwanza kabisa ya Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, Watu Maskini, ilitoka Januari 1846 jamaa akiwa na miaka 24, na kila nikikutana na mtu aliyeisoma hukumu ni ileile, eti Varenka kamtosa mzee wa watu kafuata hela. Nimechoka kuisikia. Leo namwaga yote hapa tubishane vizuri, ni ndefu, aliye kwenye daladala aweke alama arudi jioni.

Kwa ambao hamjasoma, kitabu kizima ni barua, hakuna msimulizi wa kukuelekeza nani mwema nani mbaya. Kuna Makar Devushkin, karani wa ofisi ya serikali Saint Petersburg, kazi yake ni kunakili nyaraka kwa mkono basi, kaingia kazini ana miaka 17 na sasa anakaribia kutimiza miaka 30 ya kazi hiyohiyo. Na kuna Varvara Dobroselova, Varenka, binti yatima, ndugu yake wa mbali sana, anaishi kwa kushona nguo za watu akisaidiana na mama mmoja anaitwa Fedora. Madirisha yao yanatazamana, katikati ni ua tu. Utauliza watu wanaoonana dirishani barua za nini, jibu ni umbea. Mzee akionekana anapanda ngazi za binti kila siku majirani watapata cha kusema, kwahiyo wanaandikiana kuanzia tarehe 8 Aprili hadi mwisho wa Septemba na wewe msomaji unapekua barua za watu.

Barua ya kwanza tu ushajua mzee kazama. Kaona ncha ya pazia la Varenka imekunjwa imeshikizwa kwenye chungu cha maua, akajua hiyo ishara ni yake, akajenga mpango mzima wa mawasiliano, pazia likishuka maana yake lala salama Makar, likipanda maana yake umeamkaje Makar. Binti anajibu, pazia? wala sikuwaza, litakuwa limejikwamia lenyewe nilipokuwa nahamisha vyungu. Nilicheka alafu nikamwonea huruma.

Sasa tuje kwenye hela maana hapo ndo penyewe. Mzee kahamia chumba kipya awe karibu na binti, ila yeye anamwambia kafuata unafuu. Na chumba sio chumba. Ni kipande cha jiko kilichokatwa kwa ukuta wa mbao, humo kaweka kitanda, meza, kabati la droo, viti viwili na picha ya mtakatifu ukutani. Anapiga hesabu mwenyewe kwenye barua, kodi rubli 7 za noti kwa mwezi, chakula rubli 5 za fedha, jumla 24 na nusu. Ukijumlisha 7 na 5 unapata 12 unadhani mwandishi alikuwa na usingizi. Kumbe kipindi kile Urusi pesa mbili zilikuwa zinatembea pamoja, noti za karatasi na sarafu za fedha, na tangu 1839 serikali ilishapanga rubli moja ya fedha ni tatu na nusu za karatasi. Tano mara tatu na nusu, 17 na nusu, ongeza 7, hiyo hapo 24 na nusu. Alikotoka alikuwa analipa 30. Kwa hiyo tofauti anasema sasa ataweza kunywa chai na sukari.

Na chai yenyewe hanywi kwa kuipenda. Anamwambia Varenka kabisa kwamba pale wanaishi watu wenye uwezo wao, kukosa chai ni aibu, chai unakunywa kwa ajili ya wanaokuona. Viatu hivyohivyo. Anasema yeye baridi angevumilia, peku angetembea, mtu mdogo kama yeye kitu gani, lakini watu watasemaje?

Humo ndani kuna harufu nzito, kama kitu kimeoza alafu kina utamu fulani, anasema ukikaa dakika mbili unazoea kwasababu nguo na mikono na kila kitu chako vinaanza kunuka vilevile. Ndege ndo hawazoei. Kuna mpangaji mwanamaji kanunua kandege ka kufuga kakafa, kanunua kengine kakafa, sasa hivi yuko kwenye ka tano.

Hoja yangu sasa. Njaa kwenye hiki kitabu ipo ila inayommaliza Makar ni macho ya watu, na mapenzi yake yamejengwa juu ya hichohicho. Varenka ndo binadamu pekee ambaye mbele yake yeye ni mtu mzito, mlezi, mfadhili, kwahiyo lazima atoe. Anatuma maua, anatuma peremende ratili nzima, anatuma zabibu. Binti anaandika acha, jamani acha, hela unatoa wapi, mzee anajibu nina akiba nimeiweka. Akiba hakuna. Mshahara keshauchukua kabla ya tarehe, sare ya kazini kauza, mwenye nyumba anamsema mbele ya wapangaji wote. Na mambo yanapovuja Varenka anaandika kitu ambacho sijaona mtu anakitaja humu, kwamba mkosi ni ugonjwa wa kuambukiza, watu wenye shida inabidi wakae mbalimbali wasizidi kuambukizana. Hapo ni katikati ya kitabu, bwana yeyote wa kumuoa hajatokea. Binti alishaona kwamba kila siku anayoendelea kuwa pale dirishani mzee anazidi kuzama kwa ajili yake.

Anayebisha aje na ukurasa.

Tumbili Mweupe

Mkuu umeandika vizuri ila umemruka Bykov kama mtu anayeruka dimbwi. Bykov sio mchumba mpya katokea na farasi wake. Ndo huyohuyo tajiri aliyemharibia binti zamani kupitia yule Anna Fyodorovna, ndugu aliyewapokea Varenka na mama yake baba alipofariki. Binti katoroka pale, kajificha, kalia barua nzima kwamba yule mtu kamharibia jina, alafu mwisho wa kitabu nani kaolewa na nani?

Mi nauliza kishamba tu, kama sio hela ni nini? Na msiniambie alimhurumia Makar, mtu anayekuhurumia hakuachi ukilia kama mtoto.

Bi Mkunazi

Tumbili kaka yangu hebu tulia. Taja mlango mwingine aliokuwa nao, mmoja tu.

Kushona? Afya yenyewe hana, akiugua wiki mbili hela imekata. Kwenda kukaa nyumba ya watu kulea watoto? Aliwaza, Makar mwenyewe akamkatalia, eti utakosa nini hapa na mimi nipo. Kukaa hivyohivyo? Anna Fyodorovna anamtafuta bado, na kuna afisa mmoja alishafika mpaka mlangoni na maneno yake machafu, Makar akaenda kumkabili akatupwa nje kwenye ngazi. Huo ndo ulinzi aliokuwa nao. Simcheki Makar, nasema tu.

Alafu msome Bykov anavyoposa. Anakuja anasema bila kuzunguka kwamba ana mpwa wake mhuni hapa Petersburg, anataka kumnyima urithi, kwahiyo anahitaji watoto wa ndoa, basi. Ukikataa naenda Moscow kuoa mwanamke wa ukoo wa wafanyabiashara. Nitakupeleka shambani kwangu, huko nawinda sungura, utanenepa uwe kama mkate. Anaacha rubli 500 kwenye fremu yake ya kutarizi anasema ni za peremende. Mia tano za peremende! Makar kajinyima chai anunue ratili moja.

Na anapoeleza kwanini kakubali Varenka anataja kitu gani cha kwanza? Jina lake. Kwamba huyu peke yake ndo anaweza kumrudishia jina na kumwondolea aibu, umaskini anautaja baadae. Kwahiyo mkuu Kalamu hoja yako ya macho ya watu iko sawa ila umempa Makar peke yake. Binti naye anaishi chini ya macho hayohayo, tofauti ni kwamba mwanaume akidharauliwa anachekwa ofisini, mwanamke akidharauliwa anafuatwa na maafisa mpaka chumbani.

Kalamu ya Risasi

Dada nakubali hiyo, naipokea yote. Na kuna sehemu ya Bykov umeiacha naomba niiongeze maana inaniudhi kila nikiisoma. Anamuuliza Varenka huyu Makar kakufanyia nini, nikimpa rubli 500 zitatosha? Binti anasema alichonifanyia hakilipiki kwa hela. Jamaa anajibu huo ni upuuzi, hayo ni mambo ya riwaya, wewe bado mdogo unasoma mashairi, riwaya ndo zinaharibu wasichana. Yaani ndani ya riwaya mtu mwenye hela anasema wema ni kitu cha kwenye riwaya.

mpita njia wa usiku

Mi sijasoma ila nafuatilia. Swali, kwanini watu wakikiongelea hiki kitabu lazima wamtaje na Gogol?

Kalamu ya Risasi

Swali zuri sana na jibu lake ndo utamu wenyewe wa hiki kitabu.

Gogol, mwandishi mwingine wa Urusi, alitoa hadithi inaitwa Koti mwaka 1842. Karani mnakili, maskini, anajinyima miezi ashone koti, analipata, linaibwa, anakwenda kwa mkubwa mmoja kuomba msaada anafokewa mpaka anaugua anakufa. Watu wote Urusi waliisoma. Sasa Dostoevsky kafanya kitu cha ajabu, kamfanya Makar, karani mnakili maskini, aisome hiyo hadithi! Varenka anampelekea kitabu. Na mzee anawaka. Anaandika barua ya hasira, kwanini mtu aandike vile, kwani sasa mtu hawezi kukaa kwenye kona yake bila kuchunguliwa kama viatu vina viraka, ana nini cha kula, sasa nitatokaje nje wakati watu wote wameshasoma. Kajiona yeye mle ndani. Na anatoa ushauri wa uandishi kabisa, anasema ingekuwa bora mwisho koti lipatikane, yule mkubwa asikie sifa za karani, amwite, ampandishe cheo na mshahara mnono, hapo wema ungelipwa.

Weka hilo kichwani alafu nenda Septemba. Makar ananakili karatasi ya haraka, anaruka mstari mzima, karatasi inaharibika maana. Anaitwa kwa Mheshimiwa, mkubwa wa ofisi yao. Anaingia, upande wa kulia kuna kioo, anajiona alivyo, anataka kukimbia. Mheshimiwa anaanza kufoka. Mzee anafungua mdomo hakitoki kitu. Na hapohapo kifungo cha koti lake la kazi kilichokuwa kinaning'inia kwenye uzi kinakatika, kinadunda, kinabingirika chumba kizima kimya wakubwa wote wanatazama, kinaenda moja kwa moja mpaka miguuni kwa Mheshimiwa. Badala ya kuomba radhi anainama kukifukuza. Kinazunguka hakikamatiki. Akikipata anaanza kukibandika pale kilipokatikia kama vile kitashika chenyewe, na huku anatabasamu. Hiyo ya kutabasamu huwa nafunga kitabu kwanza.

Mheshimiwa anauliza wenzake huyu ni nani, wanasema hana kosa lolote la nyuma, mshahara ni wa kiwango chake, keshachukua mapema. Anawatoa watu nje, anampa noti ya rubli 100, na anamshika mkono kama watu wa daraja moja. Mzee anaapa kwa Varenka kwamba huo mkono kwake una thamani kuliko hizo mia.

Mmeona kilichofanyika? Makar alimlaumu Gogol kwamba mkubwa alitakiwa awe na huruma. Dostoevsky kampa palepale alichoomba, mkubwa mwenye huruma, hela, heshima. Na bado haikusaidia kitu, Bykov alikuja mwezi huohuo.

Tumbili Mweupe

Asante kwa kunipa ushahidi mkuu. Mwezi huohuo mzee kapata 100, kalipa madeni, ofisini wanamheshimu. Hali imeshakaa sawa. Na hapo ndo binti anaondoka. Sasa ule ugonjwa wa kuambukiza si ulikuwa umepona? Kesi imekwisha mheshimiwa hakimu.

Kalamu ya Risasi

Tumbili wewe ungekuwa mwanasheria watu wangefungwa wengi. Angalia alivyoigawa hiyo mia, kaandika mwenyewe. 45 kwa Varenka, 20 kwa mwenye nyumba, zinabaki 35, hapo 20 za kurekebisha nguo na 15 za kuishi. Karibu nusu kampa binti! Hajajifunza kitu na hawezi kujifunza maana bila kutoa yeye sio mtu. Na chukua mia nzima uigawe kwa ile 24 na nusu ya mwezi, ni kodi na chakula cha miezi minne, bila viatu bila kuni bila dawa. Baada ya hapo ungoje kifungo kingine kidondoke.

Mwalimu Mstaafu

Habari zenu wanangu. Nimeufuata uzi huu kimyakimya tangu juu, naomba niongeze machache kisha niwaache.

Kwanza, daraja za utumishi. Peter Mkuu alipanga daraja 14 za watumishi wa serikali mwaka 1722, na mpaka wakati wa kitabu hiki maisha ya mtu yalipimwa kwa namba yake. Karani wa kwenye Koti yupo daraja la 9, na Makar ni wa kundi lilelile la watu wanaofika hapo wakabaki hapo mpaka wanastaafu. Kwa hiyo msishangae mtu kuthamini mkono wa mkubwa kuliko noti ya mia. Mkono ule haukuwa wa daraja lake.

Pili, Bykov ni mwenye ardhi, na wakulima wa Urusi walikuwa bado mali ya mwenye shamba mpaka mwaka 1861. Anapompangia Varenka maisha mithili ya mtu anayehamisha samani, kwa malezi yake ndivyo binadamu wanavyopangwa.

Tatu, namna kitabu kilivyotoka. Dostoevsky alisomea uhandisi wa jeshi, akaacha kazi mwaka 1844, mwaka huohuo akatafsiri riwaya moja ya Balzac ili apate chochote. Alikuwa akiishi nyumba moja na Grigorovich, kijana mwandishi naye. Huyo ndiye aliyeuchukua mswada wa Watu Maskini akampelekea mshairi Nekrasov mwezi Mei 1845. Wakasema tusome kurasa kumi tuone. Wakasoma kwa kupokezana usiku kucha, na ilipofika saa kumi alfajiri wakaondoka kwenda kumwamsha mwenyewe wamkumbatie. Usiku wa kule majira hayo hauingii giza, hivyo si ajabu hawakujua saa. Asubuhi Nekrasov akaenda kwa Belinsky, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote, akamwambia Gogol mpya kazaliwa. Belinsky akamjibu kwamba kwenu akina Gogol wanaota kama uyoga. Jioni Nekrasov aliporudi, Belinsky alikuwa keshausoma na anataka aletewe huyo kijana haraka. Dostoevsky aliyasimulia haya mwenyewe mwaka 1877, zaidi ya miaka 30 baadaye, na bado unaona alivyokuwa akiyafurahia.

Miaka mitatu baada ya kitabu kutoka alikamatwa. Moja ya mashtaka makubwa ni kwamba aliisoma mbele ya watu barua ya Belinsky kwa Gogol, iliyokuwa imepigwa marufuku. Tarehe 22 Desemba 1849 wakasimamishwa uwanjani kama wanaokwenda kupigwa risasi, kisha ikasomwa amri ya kuwabadilishia adhabu, naye akapelekwa Omsk, Siberia, miaka minne ya kazi ngumu. Watu hao watatu, mwandishi, mhakiki na Gogol, wameanza pamoja katika kitabu kidogo cha barua na wakaishia pamoja katika hati ya mashtaka.

mpita njia wa usiku

Shikamoo mwalimu. Nimeshuka kituo sio changu kwasababu ya hii posti.

Bi Mkunazi

Shikamoo mwalimu, asante sana.

Mnabishana Makar na Bykov, mimi mtu anayeniliza kwenye hiki kitabu ni mzee mwingine kabisa ambaye wengi wanamruka kwasababu yuko kwenye daftari la kumbukumbu ambalo Varenka alimtumia Makar, kama kurasa za pembeni hivi. Kipindi wanaishi kwa Anna Fyodorovna kulikuwa na mwanafunzi anaitwa Pokrovsky, mgonjwa, anapenda vitabu kuliko watu, ndo aliyekuwa anamfundisha Varenka, na Varenka akampenda. Baba yake alikuwa mlevi, anamwogopa mwanae kwa mapenzi, akija kumtembelea anasimama mlangoni kwanza anachungulia kama ataruhusiwa.

Birthday ya kijana inakaribia. Varenka ana rubli 30 alizoweka, anataka kumnunulia vitabu vyote vya Pushkin, mshairi mkubwa wa Urusi, juzuu 11, dukani ni ghali. Anaenda kwa wauza vitabu vya mitumba anapata bei karibu na hela yake, inapungua kidogo tu. Na palepale anamkuta mzee Pokrovsky naye kaja na vihela vyake kumtafutia mwanae zawadi, wauzaji wanamzunguka anababaika hajui achague nini. Wanaunganisha hela. Njiani mzee anatoa wazo, wewe mpe kumi, mimi nimpe ile ya kumi na moja peke yake, ili niwe na cha kwangu. Alafu Varenka anamwambia kwanini usimpe zote wewe? Msichana aliyeshona mpaka vidole vikauma kuipata hiyo hela anampa mzee mlevi heshima yote mbele ya mwanae. Kijana anajua, anamtazama tu.

Kijana anakufa vuli hiyohiyo. Anna Fyodorovna anataka vitu vyake vifidie gharama za mazishi, mzee anagombana naye, anachukua vitabu anavyoweza anavijaza mifukoni, kwenye kofia, kila mahali. Gari la jeneza linaondoka, farasi wanakimbia, mvua, mzee anakimbia nyuma analia, mikia ya koti inapepea na vitabu vinadondoka kwenye matope. Wapita njia wanamwita baba umeangusha, anaokota anakimbia tena. Wanakunja kona na kikongwe mmoja ombaomba kajiunga naye wanafuata jeneza pamoja.

Sasa Tumbili, mtu aliyefanya lile la Pushkin unataka kuniambia ana roho ya hela? Hiyo ni tabia yake tangu msichana mdogo, kumpa mwenzake nafasi ya kuwa mtu. Ndo maana na maua ya Makar alikuwa anayapokea huku anagomba.

Tumbili Mweupe

Dada umenipiga pabaya. Sawa tuseme roho ya hela hana. Basi nijibu la mwisho, zile barua za lesi. Harusi inakuja, Makar moyo unapasuka, na binti anamtuma kwa fundi! Nenda kwa Madame Chiffon mwambie mshono ubadilike, lesi zipungue, marinda yakae hivi, kimbia usisahau. Mzee anazunguka mji mzima kwenye mvua kununulia vitambaa harusi ya mtu anayempenda. Huo kama sio ukatili mi sijui ukatili.

Bi Mkunazi

Hapo sina wakili. Huwa naona kama binti anaogopa kukaa kimya hata dakika moja kwahiyo anaongelea lesi. Ila inauma, sikatai.

Kalamu ya Risasi

Mi naona tofauti kidogo. Kumbukeni Makar mwenyewe hizo shughuli anazidaka kwa mikono miwili. Anaandika barua zimejaa marinda na nyuzi kwasababu bado anatumwa, bado anahitajika. Kinachomvunja ni ile barua ya mwisho, ambayo haina tarehe wala jibu, ndo anaanza kufoka marinda ni nini, marinda ya kazi gani, ni kitambaa tu hicho! Akipewa mshahara anasema angemnunulia marinda mengi tu, anajua duka.

Na kabla ya hapo ameenda chumbani kwa binti baada ya kuondoka. Fremu ya kutarizi ipo na kazi haijaisha. Anapekua anakuta barua yake moja binti alishaanza kuizungushia uzi wa kushonea. Kwenye droo kuna karatasi imeandikwa Mheshimiwa Makar Alekseyevich, nina haraka, basi imeishia hapo. Mtu mwingine angeona barua yangu imegeuzwa kibao cha uzi angekasirika, yeye anamwandikia kabisa nimeikuta, kama mtu aliyekuta kumbukumbu.

Alafu anamwambia asiende maana barua atamwandikia nani, na sasa hivi ndo kwanza uandishi wake umeanza kukaa vizuri. Watu husoma hapo wanasema anaongea pumba za uchungu. Mi naona ndo ukweli wote. Kwa miezi sita huyu mtu ambaye miaka yote kanakili maneno ya wakubwa kapata mtu wa kumwandikia maneno yake mwenyewe.

mpita njia wa usiku

Kwahiyo alimpenda kama baba au kama mwanaume? Maana nimesoma uzi mzima sijaelewa.

Tumbili Mweupe

Pazia lile la mwanzo ni la baba?? 😂

Mwalimu Mstaafu

Yeye mwenyewe anasisitiza ni mapenzi ya kibaba, na anayasisitiza kila anapokaribia kujisahau. Kuna wakati wapangaji wenzake walipata rasimu ya barua yake kwa Varenka iliyodondoka mfukoni, mmoja wao akaisoma kwa sauti chumbani kwa mwandishi mmoja mpangaji, Ratazyaev, wakacheka. Makar aliumia kama mtu aliyevuliwa nguo. Baba hahofii barua yake kusomwa.

Bwana Tumbili, kabla hujarudi na kesi nyingine, tafuta hadithi ya Pushkin iitwayo Msimamizi wa Kituo, ya mwaka 1831. Ni fupi, utaimaliza kwa kikao kimoja. Makar aliisoma hiyo kabla ya Koti na akaipenda, akasema ni kana kwamba kaiandika yeye. Baba mzee, binti yake Dunya anaondoka na mwanajeshi mwenye mali, mzee anajinywea pombe mpaka kufa akiamini binti ameangamia. Isome polepole, hasa ukurasa wa mwisho Dunya anaporudi kaburini kwa baba yake na watoto wake, kisha uje utuambie Dunya alikosa nini na mzee alijua nini hasa.

Tumbili Mweupe

Mwalimu nishaona unakonipeleka. Naisoma wikiendi hii, ila najua nitarudi na msimamo uleule.

Bi Mkunazi

Tutakuwepo hapahapa.